Gari Jekundu Katika Filamu Isiyo na Rangi

Mama Pindo alilipata jina lake kwenye cherehani. Alikuwa akishona sare za shule ya msingi iliyokuwa mtaa wa pili kutoka kwake, na kila gauni na kila kaptula iliyopita mikononi mwake iliachiwa pindo pana la vidole vinne. Mtoto akirefuka, mzazi hufumua uzi tu, hanunui nguo mpya. "Watoto hawaombi ruhusa ya kurefuka," alizoea kusema.

Mumewe aliendesha basi dogo la shule hiyohiyo. Ulikuwa mwaka wa kumi na tisa huo anawapeleka watoto asubuhi na kuwarudisha alasiri, na hakuwahi hata kukwaruza rangi ya ubavuni. Watoto walimwita Babu Honi. Watu wazima walimwita Dereva tu, kana kwamba wengine wote wanaoshika usukani duniani ni wanafunzi wake.

Starehe yao ilikuwa moja, nayo ni filamu. Kila Jumamosi mchana walitazama mbili, ya zamani kwanza na mpya baadaye, kwa maana Dereva alishikilia kwamba ukianza na mpya, ya zamani itakulaza usingizi. Jumapili alasiri wanne walikusanyika sebuleni kwao kutoa maoni. Kulikuwa na wao wawili. Kulikuwa na Wifi, dada yake Dereva, mjane wa nyumba ya jirani. Na kulikuwa na Fundi Viatu, mwenye kibanda pale kwenye kona, ambaye ndiye aliyezileta filamu zenyewe kwenye flashi. Flashi ilizunguka nyumba tatu tangu Ijumaa, kwa hiyo Jumapili hakuna aliyeweza kusema hakuona.

Na kila mmoja alikuwa na mizani yake. Fundi Viatu alipima filamu kwa viatu. "Mtu amekimbizwa porini siku tatu," alilalamika, "kavuka mto, kapanda mlima, halafu kisigino hakijalika hata kidogo! Mimi hapo nimeshaizima." Wifi aliangalia kama watu wanakula. "Wanapendana, wanagombana, wanafiwa, saa mbili nzima hakuna aliyeshika sufuria. Hao ni watu au majini?" Mama Pindo alitazama mapindo na vifungo, ila hakusema sana. Na Dereva, kama mlivyokwisha kukisia, alitazama magari. Maoni yake ndiyo yaliyongojewa. "Ile breki ya uongo," angesema. "Gari kwenye vumbi halilii hivyo. Vumbi linameza sauti."

Jumapili moja walikuwa wakizungumzia filamu ya zamani sana, ile ya tarishi aliyefungua barua isiyo yake akakuta humo mpango wa kumuua mtu. Filamu ya nyeusi na nyeupe, picha inacheza kama mwanga wa kibatari. Mwishoni magari mawili yanafukuzana kwenye barabara ya mlimani.

"Tarishi ni mpumbavu," alisema Wifi. "Barua si yako, umefungulia nini?"

"Asingefungua, filamu ingeishia mlangoni, dada yangu," alisema Fundi Viatu. "Haya, Dereva, tupe yako."

Dereva akajiegemeza kitini, akatabasamu kwa raha. "Mimi nawaambieni, lile gari jekundu ndilo lenye dereva. Lile jekundu! Alivyokata ile kona huku anashusha gia, yule hakuigiza, yule anajua."

Fundi Viatu akapasuka kwa kicheko. "Jekundu? Kaka, filamu yenyewe haina rangi! Mle ndani hata damu ni nyeusi!"

"Kaka yangu anaona rangi ambazo sisi hatuzioni," alisema Wifi akijifuta machozi. "Kesho atatutabiria mvua."

Wote wakacheka, na Dereva naye akacheka. Lakini Mama Pindo, aliyekuwa ameketi karibu naye, aliona kwamba kicheko cha mumewe kilikuja nyuma ya vya wenzake, kama abiria anayelikimbilia gari lililokwisha kuondoka. Na kabla ya kucheka alimtupia mkewe jicho la haraka. Lilikuwa jicho la kuuliza. Ni kweli haina rangi?

Mama Pindo akaacha kucheka.

Tangu siku hiyo hakupata tena utulivu. Mambo aliyokuwa ameyafunika yalianza kufunuka yenyewe, moja baada ya jingine. Siku ile Dereva alipojaza birika maji, akaliweka mezani pembeni ya jiko, akasimama akingoja lichemke. Wiki ile alipomuuliza mara mbili kwa siku moja kama binti yao amekwisha kuolewa, na binti mwenyewe ana watoto wawili. Na hivi majuzi alikuwa ameanza kuondoka nyumbani nusu saa kabla ya wakati. "Foleni siku hizi, mama," alisema. Mama Pindo aliitikia, ingawa yeye hupita barabara ileile na haoni foleni yoyote.

Angekuwa mshona viatu mwenzake Fundi, au muuza duka, Mama Pindo angeinamisha kichwa akamwachia Mungu. Lakini mumewe alibeba watoto. Na watoto wale hakuwajua kwa sura tu. Alimjua kila mmoja kwa futi ya kupimia, bega la huyu lililoinama upande, kiuno cha yule kisichoshika mkanda, na yule wa kike mdogo kuliko wote, ambaye gauni lake lilikuwa fupi kuliko mkono wa shati la baba yake. Kila alipolisikia basi likipita aliwaona mle ndani, wamepangana kwenye viti na nguo alizozishona yeye.

Alianza kumpeleleza mume wake. Aliona aibu, maana walikuwa hawajawahi kupelelezana, ila hofu haina adabu. Wakimaliza kutazama filamu, wakati wa chakula cha jioni angeuliza kama mtu asiye na neno, "Umeionaje?"

"Nzuri," Dereva angejibu. "Ila mwisho wameuharakisha."

Wiki iliyofuata aliuliza tena.

"Nzuri. Ila mwisho wameuharakisha."

Mama Pindo akaanza kuelewa. Jibu lile lilikuwa kama nguo ya mpira, linamkaa kila anayelivaa. Hakuna filamu lisiyoienea.

Jumamosi ya tatu walitazama filamu mpya ya dada wawili wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao. Filamu nzima ni ya kiangazi, jua kali, majani makavu, watu wanajipepea kwa magazeti. Jioni, Mama Pindo alipakua chakula, akakaa.

"Na yule mwanamke mwenye mwavuli wa kijani," akasema, "wewe umemwonaje?"

Hakukuwa na mwanamke mwenye mwavuli. Hakukuwa na mwavuli. Mama Pindo alikuwa amemtunga pale pale kwenye sufuria, na yeye alikuwa mtu wa sala, hakuzoea uongo. Akaomba kimoyomoyo, Ee Mungu, anikatalie. Aniite mwongo, aniite kipofu, mradi anikatalie.

Dereva alitafuna taratibu. "Yule?" akasema. "Yule ndiye aliyeiharibu nyumba ile. Angebaki kwao na mwavuli wake, wale dada wangepatana."

Mama Pindo aliinuka, akasema anafuata chumvi. Jikoni alifungulia maji ya bomba yatiririke, akasimama ameshika ukingo wa karo kwa mikono miwili.

Kesho yake, Jumapili, alitarajia jambo lile lipite kimya. Halikupita. Wifi alipomaliza kulalamika kwamba dada wale hawakupika hata siku ya msiba, Dereva akaingilia kati kwa sauti ya mtu aliyejiandaa.

"Nyie hamjagusa kiini. Kiini ni yule mwanamke wa mwavuli."

Fundi Viatu akakunja uso. "Wa mwavuli gani?"

"Wa kijani. Aliyewachonganisha."

"Kaka, mimi filamu ile nimeitazama mara mbili. Mwavuli hakuna."

"Upo."

"Haupo, bwana. Na sasa tunarudi kwenye lile gari jekundu." Fundi Viatu alisema kwa mzaha, lakini Dereva alisimama ghafla. Watu hawakuwahi kumwona hivyo.

"Mimi si mtoto mdogo wa kuchekwa nyumbani kwangu! Muulize mke wangu. Tulikaa pamoja, tukatazama pamoja. Muulize!"

Macho yote yakamgeukia Mama Pindo. Alikuwa na gauni mapajani, lile dogo kuliko yote, na pini mbili mdomoni. Akazitoa pini moja moja ili apate muda. Akisema haupo, atamvua mume wake nguo mbele ya dada yake na rafiki yake. Akisema upo, atakuwa ameshuhudia uongo, na Jumatatu mumewe ataamka, atashika usukani.

"Alikuwapo," akasema.

"Basi mimi nilikuwa jikoni," Wifi akasema upesi.

Fundi Viatu akiona aibu huangalia miguu ya watu, na siku hiyo aliiangalia miguu ya Mama Pindo kwa muda mrefu. "Huenda nilisinzia, shemeji," akasema hatimaye, akaaga.

Jumatatu asubuhi Dereva aliondoka tena nusu saa kabla ya wakati. Mama Pindo alisimama mlangoni, neno limemjaa kifuani, lisitoke. Akarudi kwenye cherehani. Alishona mshono mmoja mara tatu na kuufumua mara tatu.

Basi lile hupita mlangoni kwake saa tisa na robo alasiri, likipiga honi mbili za salamu. Siku hiyo saa tisa na robo ilifika, ikapita, honi haikulia. Mama Pindo akanyamazisha cherehani asikie vizuri. Akasikia pikipiki. Akasikia muuza maji akigonga madumu. Saa tisa na nusu akatoka nje akasimama kizingitini, akajidanganya kwamba tairi limepata pancha. Saa kumi kasoro robo mama wa yule mtoto mdogo akatokea, kanga ya mabegani imeteleza, hajali.

"Mama Pindo, basi limepita?"

"Bado, mwanangu."

"Mbona bado? Nimempigia Baba Dereva simu hapokei."

"Akiwa barabarani huwa hapokei. Ni mwangalifu." Aliyasikia maneno yake mwenyewe, yakamchoma.

Yule mama akasimama pembeni yake. Wakawa wanawake wawili kwenye kizingiti kimoja. Mama Pindo alitamani kumshika mkono akaogopa kwamba akimshika, yule mwenzake ataihisi hofu iliyomo na kuielewa. Ni yeye aliyejua. Dunia nzima, ni yeye peke yake aliyejua na kunyamaza. Kama kuna kilichowapata watoto wale, hakikutoka kwenye mkono wa Dereva. Kilitoka kwenye ulimi wake yeye, uliosema "Alikuwapo."

Saa kumi na dakika tano basi likatokea. Lilitokea upande usio wake, upande wa viwandani, likija polepole mno, kama mtu anayepapasa gizani, na jua bado lilikuwa juu. Likasimama. Mlango ukafunguka. Mle ndani walikuwamo watoto wadogo tu, wote wazima, kimya. Mmoja alikuwa analia bila sauti.

Yule mdogo akamrukia mama yake. "Mama, tumeenda mbali! Babu alituuliza njia, sisi tukamwambia zote!"

"Njia zote?" Mama yake akacheka, maana machozi na kicheko vilikuwa vimekaribiana. "Ndiyo maana mmechelewa, wachokozi nyie. Pole, Baba Dereva, wamekusumbua."

"Wamenisumbua kweli," alisema Dereva. Shati lake lilikuwa limelowa mpaka kiunoni.

Mama Pindo alipokwisha kuwateremsha wote na kuwafikisha makwao kwa miguu, na basi likabaki tupu mbele ya nyumba, Dereva hakushuka. Mama Pindo alipanda, akakaa kwenye kiti cha watoto nyuma yake, magoti yakamgusa kidevu. Akasema na kisogo chake, kwa sababu uso asingeuweza.

"Baba, yule mwanamke wa mwavuli hayupo. Nilimtunga mimi. Nilitaka kujua kama unakumbuka. Nisamehe."

Dereva alibaki na mikono yote miwili kwenye usukani wa gari lililozimwa.

"Ukisema yupo, yupo," akasema mwishowe. "Miezi mingi sasa nafanya hivyo. Mtu akisema tulionana jana, tulionana. Akisema nilimwahidi, nilimwahidi. Nikikataa nitajulikana, mama."

"Na barabara je?"

"Barabara nimewapa watoto." Alisema kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeungama. "Nilianzisha mchezo. Kushoto au kulia? Anayejibu wa kwanza napiga honi kwa heshima yake. Wakubwa wanaijua njia kama sala. Leo wakubwa wamebakishwa shule kwa masomo ya mitihani, wazazi wao watawachukua jioni. Nimebaki na wadogo, na wadogo hawajui kushoto wala kulia. Nikiuliza, kila mmoja ananyoosha mkono wake. Nimefika mahali pana magari makubwa, mama, yananipita huku na huku. Sijui ni wapi. Nikawaambia nawaonyesha mji, nikazunguka mpaka nikakiona kibanda cha Fundi."

Mama Pindo akalaza paji la uso kwenye mgongo wa kiti. Alimshukuru Mungu kwa kila jina la mtoto, na kila jina lilimtisha upya.

Wakakubaliana. Asubuhi na mapema, kabla ya saa ya kuchukua watoto, wataenda kwa Mwalimu Mkuu kwa miguu, na Dereva atasema mwenyewe, kwa mdomo wake. Baada ya hapo hospitali. Dereva akamkabidhi ufunguo wa basi, akamkunjia vidole juu yake.

Lakini asubuhi Mama Pindo alipotoka kuoga alimkuta mumewe amevaa shati la kazi, anapekua juu ya kabati, chini ya mto, ndani ya viatu.

"Mama, umeuona ufunguo? Nachelewa, na foleni siku hizi..."

Hili ndilo lililomwogopesha kuliko yote yaliyotangulia. Kwamba alitakiwa kuanza upya. Kwamba huenda atatakiwa kuanza upya kila asubuhi, na kila asubuhi mumewe ataumia kwa mara ya kwanza. Akamkalisha kitandani, akamweleza tena yote, pole pole, ufunguo ukimchoma kiganjani.

"Mimi nilikubali?" Dereva akauliza.

"Ulikubali."

Dereva akamtazama mkewe. "Wewe ulinitungia mtu mwenye mwavuli. Hilo nalikumbuka. Nitajuaje kwamba na hili hunitungii?"

Ilikuwa haki yake kuuliza. Mama Pindo hakutafuta maneno matamu. "Hutajua," akasema. "Mimi ndiye niliyeivunja imani hiyo. Nakuomba tu uniamini leo, kwa ajili ya watoto."

Dereva akafungua vifungo vya shati la kazi, kimoja kimoja, akavaa jingine.

Kwenye kona Fundi Viatu alikuwa anafungua kibanda. Aliwaona wanatembea kwa miguu saa ya kazi, akaacha mlango nusu. Mama Pindo akasimama mbele yake, maana aibu nayo ni deni la ulimi.

"Fundi, mwavuli haukuwapo. Nilisema uongo."

"Nilijua, shemeji," akajibu taratibu. "Kungekuwa na mwavuli kungekuwa na mvua, na kungekuwa na mvua mimi ningetazama viatu." Kisha akamshika Dereva begani. "Jumapili nakuja, kaka. Hata ukiniambia filamu ina ng'ombe wa bluu, nakuja."

Mwalimu Mkuu alikuwa mwanamke mwenye haraka, lakini Dereva alipoanza kusema aliweka kalamu chini. Dereva alisema yote, mchezo wa honi, viwanda, kiangazi chenye mwavuli. Hakujitetea. Mwalimu Mkuu alibadilika rangi, akainuka, akafunga dirisha bila sababu, akarudi. Alikuwa na hasira, nao waliiona, na alikuwa na haki nayo. Kisha akapiga simu, wazazi wawalete na kuwachukua watoto wenyewe leo, na dereva mwingine aanze kesho.

"Dereva mpya hajui vituo," akasema, akamsogezea Dereva karatasi. "Nipangie nyumba zote, Baba. Miaka kumi na tisa, hakuna aliyewahi kuziandika."

Dereva akashika kalamu. Akaandika nyumba ya kwanza. Akaandika ya pili. Kalamu ikasimama juu ya karatasi, na Mama Pindo akaona lile jicho tena, la kuuliza, ila safari hii halikujificha kwa mtu.

Akavuta kiti chake karibu. Nyumba zote alizijua yeye, alikuwa amebisha hodi kwenye kila moja na sare mkononi. "Wewe nitajie watoto," akamwambia, "mimi nitakutajia milango."

Dereva akafumba macho. Watoto wote alikuwa nao bado. Akaanza kuwataja kwa utaratibu wa viti, kuanzia wa mbele karibu na mlango, na Mama Pindo akawa anaandika kwa hati yake ya darasa la saba, haraka, akihofia Dereva asije akafika kiti kimoja akakikuta kitupu.